Barua ya wazi: nyumba ya kidini ya kumhifadhi msichana aliyedhalilishwa iandikiwe kanuni kabla haijafunguliwa

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, Zanzibar
Sheikh Mufti Mkuu wa Zanzibar
Uongozi wa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana

Nakala: Wizara ya Afya, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kila habari ya udhalilishaji wa kingono inapotikisa mji, husikika rai ile ile: wasichana hawa watafutiwe nyumba, walelewe kidini, wapate utulivu. Rai hiyo ni njema na tunaiunga mkono. Wapo wasichana wa miaka 13, 14, 16 ambao kurudi kwao usiku ule ule ni kurudi alipo aliyewadhuru, na hawana shangazi wala bibi wa kuwapokea. Kwa hao nyumba ya hifadhi ni dharura. Tena nyumba yenye adhana, msala na futari ya pamoja itamtuliza msichana wa Wete au Makunduchi kuliko jengo analoliona kama afisi ya serikali.

Ila dini haiingii nyumbani peke yake. Huletwa na watu, na kila mtu huja nayo kwa namna aliyoielewa. Anayeamini kuwa msichana ana dhambi ya kutubia atamtubisha. Anayeamini kuwa ana sheitani atamzingua. Anayeamini kuwa heri ni kusitiri atamnyamazisha mpaka kesi ife. Wote watatu watafanya hivyo kwa nia safi, na wote watatu watamuumiza upya. Ndiyo maana tunaomba jambo moja: nyumba yoyote ya kidini isipewe ruhusa ya kupokea wasichana hawa mpaka kanuni zake za ndani ziwe zimeandikwa, zimepitiwa na Wizara na Afisi ya Mufti kwa pamoja, na wakaguzi wawe na haki ya kuingia bila kutoa taarifa. Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto anayestahiki ulinzi. Tunataka ulinzi huo ushuke mpaka kwenye kitanda, bomba la kutawadhia na ufunguo wa kabati.

Msingi wa kanuni hizo hatuna haja ya kwenda kuuazima mbali. Katika Surat Maryam, aya ya 23 hadi ya 26, uchungu unampeleka Maryam kwenye shina la mtende, naye anatamani angelikufa kabla ya siku ile. Hakemewi kwa kauli hiyo. Hahojiwi. Anaambiwa asihuzunike, anaonyeshwa maji chini yake, anaangushiwa tende mbivu, anaambiwa ale, anywe, atulize jicho lake, na akikutana na mtu aseme kuwa ameweka nadhiri, leo hatazungumza na yeyote. Kisha someni Surat An-Nisaa aya ya 148: Mwenyezi Mungu hapendi uovu utajwe hadharani, isipokuwa na aliyedhulumiwa. Ruhusa ya kunyamaza na ruhusa ya kusema zote zimewekwa mikononi mwa aliyefikwa na jambo. Nyumba ikimnyang'anya mojawapo imekwenda kinyume, hata kuta zake zikijaa aya.

Wataalamu wa afya ya akili wamefika pale pale kwa njia yao. Shirika la Afya Duniani halishauri mtu aliyepatwa na kiwewe kukalishwa mara moja asimulie yote kwa imani kwamba atatua mzigo. Linashauri apewe usalama na mahitaji ya mwili, asikilizwe akitaka kusema, na aunganishwe na watu wake.

Kabla ya nyumba kuna hospitali, na hapa ndipo wema unapoharibu zaidi. Vituo vya Mkono kwa Mkono, vilivyoanzia Mnazi Mmoja mwaka 2011, viliwekwa ili daktari, polisi na mshauri wapatikane mahali pamoja. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa zaidi. Humezwa siku 28 bila kukatiza. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina muda wa saa 120 tu. Msichana akipelekwa nyumba ya hifadhi kwanza, akaogeshwa, akabadilishwa nguo, akasomewa, akalala, na hospitali ikaachiwa Jumatatu, basi tiba imepita na ushahidi umekwenda na maji ya kuogea. Kwa hiyo asipokewe msichana wa tukio lililo ndani ya siku 5 bila ya kuwa ameshaonwa na daktari. Akiletwa usiku, gari ligeuze kwenda hospitali na mlezi mmoja wa kike apande naye. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hushika unyevu, na unyevu huozesha ushahidi. Na asiwepo mtu, awe mkunga au mama mlezi, wa kumpima kama ni bikira. Kipimo hicho hakina maana yoyote kitabibu, na mwaka 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitaka kikomeshwe kila mahali.

Vidonge vya siku 28 vinahitaji mtu wa kuvifuatilia. Huleta kichefuchefu, na msichana akianza kujisikia mzima huona havina haja tena. Mlezi mmoja awe na daftari la dozi, vidonge vimezwe baada ya chakula, na siku za kurudi kupima damu, wiki ya 6 na mwezi wa 3, ziandikwe mapema. Ramadhani ikiingia katikati, dozi ya mara moja kwa siku inaweza kuhamishiwa baada ya futari, daktari akiafiki, na isiruke saa yake. Anayeumwa ana rukhsa ya kula. Asitakiwe kujieleza mbele ya wenzake kwa nini hafungi.

Siku 14 za mwanzo zisiwe na darsa, mahojiano wala wageni zaidi ya wale aliowataja mwenyewe. Apewe kitanda chake, kabati yenye ufunguo anaokaa nao yeye, kanga, nguo za kubadilisha, mswaki, padi. Ratiba ya siku ibandikwe ukutani na ifuatwe kwa saa: chai, usafi, chakula, kupumzika, sala, kulala. Mwili uliozoea kushtukizwa hutulia unapojua linalofuata. Jambo linaloonekana dogo, kama kubadilisha chumba ghafla au kumleta mlezi mgeni bila kumtambulisha, linaweza kurudisha nyuma wiki nzima ya utulivu.

Usiku ndio mtihani wa nyumba hizi. Tangu magharibi mpaka usingizi uje, shughuli zimekwisha, giza limeingia, na kichwa kinaanza kurudisha yaliyopita. Taa ya korido iwake usiku kucha, na iwepo ya sola kwa sababu umeme ukikatika ghafla vyumba vyote hushtuka pamoja. Wasizidi wawili au watatu chumba kimoja. Mlango uwe na kitasa cha kufunga kwa ndani, na ufunguo wa akiba akae nao mlezi wa zamu. Walezi wawili wa kike wawe macho. Kulala kwa zamu ukumbini hakuhesabiki kuwa ulinzi. Katika kuamsha kwa alfajiri, asiguswe mtu. Kumtikisa bega aliyelala, au kumvuta shuka kama zifanyavyo dahalia nyingi, ni kumrudisha palepale alipodhuriwa. Mlezi abishe hodi, awashe taa ya nje, amwite kwa jina kutoka mlangoni. Asiyeamka aachwe.

Chumba cha sala kinahitaji fikra ambayo mafundi hawatakuwa nayo wasipoambiwa. Kwetu Unguja na Pemba kibla kiko karibu kaskazini moja kwa moja. Mlango ukiwekwa ukuta wa kusini, kila anayesali anaupa mgongo, na kwa msichana aliyevamiwa kwa nyuma kusujudu huku mlango uko nyuma yake ni tabu isiyoelezeka. Mlango uwekwe ukuta wa mashariki au magharibi, upande wa mbele, waone anayeingia. Anayetaka kusali na mgongo wake karibu na ukuta, apishwe mahali hapo. Anayetaka kusali chumbani, asali chumbani.

Pa kutawadhia pagawanywe kwa vikuta, kila mmoja na bomba lake. Mikono ya nguo hukunjwa mpaka viwikoni, na hapo ndipo makovu ya kujikata huonekana kwa mara ya kwanza. Mlezi akiyaona asipige ukelele, asimwite mwenzake, asianze nasaha ya haramu ya kujidhuru. Amsubiri amalize, amwendee faraghani, amuulize kwa sauti ya kawaida kama anaumia na kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitoa. Akisema anafikiria na ameshajua njia atakayotumia, asiachwe peke yake hata chooni, na apelekwe hospitali siku ile ile. Dawa zote, dawa ya panya na vya kufulia vikae chini ya kufuli tangu siku nyumba inafunguliwa.

Daftari la nani kasali na nani hakusali lisiwepo. Linawalazimisha wasichana kutangaza hedhi zao, na kwa wanaoogopa kuwa wana mimba linageuka hukumu ya kila siku. Padi ziwekwe mahali pa kujichukulia, zisigawiwe kwa kuomba. Sala ichukue nafasi yake kwa kupendwa. Wapo watakaoikimbilia siku ya pili, wapo watakaokaa miezi bila kuinua mikono, hasa aliyedhuriwa na mtu aliyekuwa akimfundisha dini. Kwa huyu wa mwisho sauti ya kisomo yenyewe inaweza kumtetemesha. Ndiyo sababu walimu wote wa nyumba wawe wanawake, na mwanamume yeyote, awe sheikh, fundi au mfadhili, asiingie upande wa kulala wala kukaa na msichana penye mlango uliofungwa. Na kwa kuwa visiwani wapo pia Wakristo, msichana wa Kikristo akiletwa apate kitabu chake na mtu wa dini yake, asihesabiwe fursa ya kumsilimisha. Hakuna kulazimishana katika dini, na mtoto aliyepoteza kila kitu hawezi kusemwa kuwa amechagua.

Sasa tuseme kuhusu kisomo, kwa sababu hapa nyumba nyingi zitakosea. Msichana anaweza kuganda ghafla, macho yakakodoa bila kuona, au akapiga kelele kwa sauti isiyo yake, au akasahau alipokuwa saa nzima. Mtaani jina la hali hiyo linajulikana: kapandisha. Lakini kwa aliyefanyiwa ukatili, hii ni dalili ya kawaida ya kiwewe. Akili imerudi kwenye tukio na mwili umeifuata. Akishikwa na watu wanne, akafukizwa na kupigwa ili sheitani atoke, anafanyiwa kwa mara ya pili kile kile alichoshindwa kukizuia mara ya kwanza.

Afanyiwe hivi. Mlezi mmoja tu akae hatua mbili mbali, usawa wa macho yake, asimguse. Amwite jina. Amwambie leo ni siku gani, yuko wapi, nani yuko naye, mlango uko wapi. Amwombe akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, ataje vitu vitano anavyoviona. Kitambaa cha maji baridi kiganjani husaidia. Wengine watoke chumbani, kwani kelele za wenzake humuongezea hofu. Kwa aliyezoea tasbihi, punje zake ni msaada mkubwa: zinashikika, zinahesabika, na pumzi inayotoka polepole kwa kila punje hupunguza mapigo ya moyo. Lakini ajifunze hivyo siku aliyotulia, kwa hiari yake, ili siku ya taharuki mkono uwe unajua pa kwenda.

Kisomo hatukipingi. Akikitaka, asomewe na mwanamke, mlango wazi, bila kushikwa, bila moshi, bila fimbo, na asiachishwe dawa ya hospitali kwa ajili yake. Tunamuomba Sheikh Mufti aliandike hilo kwa muhuri wake, kwa sababu neno lake litasikika pale ambapo waraka wa wizara hautasikika.

Lipo pia somo la toba. Kumpa msichana istighfari mia asubuhi na mia jioni, kwa nia ya kumtuliza, kunamthibitishia anachokihofia usiku: kwamba ni kosa lake. Surat An-Nur aya ya 33, inapowataja waliolazimishwa, inawapa msamaha na rehema bila kuwadai chochote. Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inasema umma huu umesamehewa kukosea, kusahau na walilolazimishwa. Mafunzo hayo yatangulie. Darsa za zinaa, mavazi na haya zisifundishwe kabisa miezi mitatu ya mwanzo, maana kila sentensi yake ataisikia kama shutuma. Wala asiambiwe amsamehe aliyemdhuru ili moyo wake upone. Surat Ash-Shura, aya ya 41, inasema anayejitetea baada ya kudhulumiwa hana njia ya kulaumiwa.

Tiba ya maneno ianze pale anapolala angalau siku nyingi za wiki na anakula. Hatuhitaji kungoja madaktari wa akili wajae visiwani. Utafiti uliofanywa Moshi, Tanzania, na Bungoma, nchini Kenya, na kuchapishwa mwaka 2020, uliwatumia washauri wa kawaida, waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu, kuwapa watoto waliofiwa na wazazi vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto peke yake. Katika sehemu kadhaa watoto hao walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma za kawaida. Tungechukua mpango huo kwa marekebisho moja: kikundi kifundishe kupumua, kulala, kutambua hofu na kujilinda, lakini simulizi ya tukio ibaki baina ya msichana na mshauri wake tu. Udhalilishaji hausimuliwi mbele ya wenzake wanane kisha siri ikakaa ndani ya kisiwa. Hapa ndipo nyumba za upataji nafuu za vijana walioacha dawa za kulevya, tunazozifahamu vizuri Unguja, zisichukuliwe kuwa kigezo. Kule kusimama na kutoa ushuhuda ni sehemu ya tiba ya mtu mzima aliyeamua kuacha jambo alilokuwa akilifanya. Msichana huyu hakufanya jambo, alifanyiwa.

Mshauri asimfundishe msichana maneno ya kusema mahakamani. Wakili wa utetezi akiligundua hilo kesi inavunjika. Kazi ya nyumba ni kumfikisha kwa wakati, ameshiba, na mtu anayemwamini kando yake, na kumwonyesha ukumbi siku moja kabla ili asiuone mara ya kwanza siku ya kutoa ushahidi.

Muhali, yaani kuoneana haya kwa kuogopa kuvunja udugu, ndugu zetu, ndio unaoua kesi hizi, na utabisha hodi kwenye nyumba pia. Watakuja wazee wa pande mbili, watakuja na halua na kauli laini, watasema watoto ni wa ukoo mmoja, watasema mambo yamalizwe nyumbani. Mara nyingine watakuja na posa, mtuhumiwa mwenyewe au nduguye awe mume. Kanuni iseme kuwa mgeni hapokewi bila miadi na bila jina lake kuwa kwenye orodha ya msichana. Kuwa kila ziara iandikwe. Na kuwa posa yoyote au ombi la suluhu wakati kesi inaendelea litolewe taarifa kwa ustawi na kwa waendesha mashtaka siku hiyo hiyo. Tunaomba sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, asiwe mpatanishi katika makosa haya, na makadhi wasifungishe ndoa baina ya msichana na anayeshitakiwa kwa kumdhuru.

Nyumba iwe ndogo. Wasichana 10, wasizidi 12. Wakifika 30 inakuwa dahalia, na dahalia huendeshwa kwa kengele na adhabu. Hesabu ya walezi huwashangaza wengi: wanawake wawili kila zamu, zamu 3 kwa siku, siku 7, ni zamu 42 kwa wiki. Mtu akifanya zamu 5, wanahitajika 9, na wa 10 wa kuziba likizo na maradhi. Mbali na hao wawepo afisa ustawi mmoja, washauri wawili na muuguzi. Nyumba inayofunguliwa na mama walezi watatu wanaolala hapo hapo mwezi mzima, kwa posho ya sadaka, itakuwa na walezi wakali kabla mwaka haujaisha. Ukali huo si tabia mbaya, ni uchovu. Mlezi apate mapumziko, na kila wiki apate saa moja ya kukaa na msimamizi kusema yaliyomlemea.

Skuli isikatike. Baada ya wiki chache arudi darasani, ikibidi skuli nyingine, kwa barua ya uhamisho isiyotaja sababu. Waliokaribia mitihani ya taifa washughulikiwe mapema kuhusu kituo cha mtihani. Msichana aliyekosa mtihani kwa sababu yuko hifadhini ataona ameadhibiwa yeye. Aliyejifungua naye ana nafasi yake darasani, na nyumba imwekee mtu wa kubaki na mtoto.

Pemba ipate nyumba yake. Kesi ya Pemba husikilizwa Pemba, na kumsafirisha msichana kwa boti kila kesi inapoahirishwa ni kumchosha mpaka aombe mwenyewe iishe. Mama yake naye hataweza nauli ya kumwona Unguja kila wiki. Hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu iko Unguja, kwa hiyo nyumba ya Pemba iwekewe ratiba ya kutembelewa na mtaalamu wa akili angalau mara mbili kwa mwezi, na simu ya kumpata katikati.

Kuhusu fedha, tunaiomba Kamisheni ya Wakfu ifikirie zaidi ya jengo. Majengo hupata wafadhili kwa urahisi. Mishahara ya walezi wa usiku haina anayeililia. Shamba la mikarafuu au nyumba ya kupangisha iliyowekwa wakfu kwa ajili ya mishahara hiyo, hati ikiandikwa vizuri na warithi wakashuhudia, itaiweka nyumba hai baada ya mradi wa mfadhili kwisha. Anayetoa asidai picha, asiletewe msichana amshukuru, asijue majina. Kibao cha barabarani kisiwepo.

Tena misikiti ina mchango mkubwa kuliko kujenga. Nyumba hizi ziwe kituo cha miezi 3 hadi 9, na hali ya kila msichana ipitiwe kila siku 30. Anayekaa miaka huanza kuogopa dunia ya nje. Njia ya kutokea ni familia, na pale familia yake haifai, iwe kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine bila kubadili nasaba yake, ambayo hata Mkataba wa Haki za Mtoto umeitaja katika kifungu cha 20. Swali la mahramu, yaani jamaa asioweza kuoana nao, lijibiwe mapema: msichana wa miaka 15 asipelekwe nyumba yenye vijana wa kiume wasio mahramu wake na vyumba viwili. Wajane, bibi, walimu wastaafu, mashangazi wanaoishi na binti zao, hao ndio wa kutafutwa, wachunguzwe, wafundishwe, wasaidiwe kwa zaka. Imamu anayewajua watu wa mtaa wake anaweza kutaja wawili watatu ambao afisa ustawi asingewapata kwa mwaka. Kurudi kwenyewe kuwe kwa hatua: mchana mmoja, kisha usiku mmoja, kisha wiki, na baada ya kuhama atembelewe kwa mwaka mzima, kila wiki mwezi wa kwanza na kila mwezi baadaye. Kabla ya hatua ya mwanzo lazima ijulikane mtuhumiwa analala wapi. Msimu wa karafuu uangaliwe kwa makini, watu wazima wakiwa mashambani na watoto wakiachwa peke yao majumbani.

Tunaomba Wizara na Afisi ya Mufti ziunde kamati ndogo ya pamoja, nusu yake wawe wanawake wanaofanya kazi hii kwa mikono yao, iandike kanuni hizi ndani ya miezi 3 kwa Kiswahili cha kusomeka na mlezi wa zamu. Nakala moja ibandikwe jikoni. Ukurasa wa mwisho ubaki kwa ajili ya wasichana wenyewe: haki zao, jina la afisa anayeweza kupokea malalamiko yao bila kupitia kwa mlezi, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, pamoja na simu iliyowekwa mahali ambapo anaweza kuongea bila kusikilizwa.

Tuko tayari kuitwa, na rasimu ya kanuni za zamu ya usiku tumeshaiandika. Tutaiwasilisha siku mtakayotupangia.

Wassalaamu alaykum.

Ni sisi, maafisa ustawi, wauguzi, washauri nasaha na walimu wa kike wa vyuo vya Kur'ani,
Unguja na Pemba